Uzito wa Risasi Nyepesi

Wakati wa likizo ya Desemba nilikwenda Taru kumwamkia mama mkubwa wangu, na kama ilivyo desturi ya vijiji vyetu, habari za ujio wa mwalimu wa chuo kikuu zilifika kabla yangu. Jioni ya siku ya pili walinijia vijana wawili wa shule ya sekondari pamoja na mwalimu wao wa fizikia. Mmoja wao alikuwa amekumbatia kitabu kikuukuu cha Kiingereza kisicho na jalada, akakifungua penye picha ya Mzungu mwembamba aliyesimama kando ya ndovu aliyeanguka. Mkononi mwa Mzungu huyo palikuwa na bunduki nyembamba mno, ambayo kwa mtazamo wa haraka ungedhani ni ya kuwindia paa.

Vijana wale walikuwa na maswali mawili. La kwanza lilikuwa limezusha ubishi darasani: je, yawezekana risasi isiyozidi unene wa kalamu ya risasi wanayoandikia imwangushe mnyama mwenye uzito wa tani tano? Mwalimu wao alikuwa amefanya hesabu ubaoni akaona ni vigumu. La pili liliulizwa na yule mwenye kitabu, tena kwa sauti ya chini. Babu ya babake, alisema, alikuwa Mwaata, na katika miaka ya 1950 alifungwa gerezani kwa kosa la kuua ndovu mmoja kwa mshale. Mzungu huyu ameua zaidi ya 1,000, naye ametungiwa sifa. Mwalimu, tofauti yao ni nini?

Mimi ni mwalimu wa isimu. Kazi yangu ni sauti na maneno, wala si mitutu na baruti. Nimeonelea hata hivyo kuwajibu vijana wale katika safu hii, kwa kuwa maswali yao ni ya walimu na wanafunzi wote, na kwa kuwa maisha ya mtu huyo yalianzia, kwa upande wa Afrika, hapo hapo katika nyika ya Taru.

Kwanza tupatane juu ya maneno. Kiswahili hulitumia neno risasi kwa ile madini laini na nzito, na pia kwa kitu kitokacho bundukini. Risasi nzima ya bunduki ya kisasa ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki iliyo kitakoni mwa ganda, baruti iliyo ndani, na kichwa, ambacho ndicho pekee kinachoruka kumwendea mnyama. Wazee wetu waliotumia gobori walizitia sehemu hizo kwa mkono, moja baada ya nyingine. Walipima baruti, wakatia risasi, wakashindilia kwa mdeki, yaani ule ufito wa chuma, kisha wakaweka fataki. Aliyezidisha baruti alihatarisha uso wake, na aliyepunguza alihatarisha maisha yake mbele ya mnyama aliyejeruhiwa.

Ufundi huo haukufa. Huko Ulaya na Marekani wamo wawindaji na walenga shabaha wengi ambao hadi leo hujitengenezea risasi za bunduki zao za zamani. Hukaa mezani na mizani ndogo, wakachagua kichwa chepesi au kizito, wakaongeza baruti kidogo kidogo, na kila mara wakalichunguza ganda lililokwisha kupigwa ili waone dalili za mgandamizo uliopita kiasi. Kipimo chao ni punje, na kweli asili yake ni punje ya nafaka. Punje 7,000 hufanya ratili moja. Kichwa chepesi huenda kasi na hakimsukumi sana mpigaji begani, lakini huweza kuvunjika au kupotea njia kikikuta mfupa. Kichwa kizito huenda polepole na hupenya kwa nguvu, lakini humchosha mpigaji hata akaanza kuiogopa bunduki yake mwenyewe. Basi kila mmoja wao hutafuta mahali pa kati panapoifaa bunduki yake. Katika Afrika Mashariki hakuna aliyeujaribu mzani huo kwa vitendo kuliko mtu huyo wa pichani.

Jina lake ni Walter Dalrymple Maitland Bell, ingawa ulimwengu wa wawindaji ulimwita Karamoja Bell. Alizaliwa mwaka 1880 karibu na mji wa Edinburgh, Uskoti, katika familia yenye mali. Wazazi wake wote wawili walifariki yeye angali mtoto mdogo, akalelewa na kaka zake. Shule haikumkalisha. Alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi alikuwa amekwisha kwenda baharini, na kila aliporudishwa nyumbani fikira zake zilikuwa kwenye jambo moja tu: kuwinda ndovu Afrika.

Mwaka 1897 alishuka Mombasa akiwa kijana wa miaka 17 hivi. Mwaka mmoja kabla ya hapo Waingereza walikuwa wameanza kutandika reli kutoka Mombasa kuelekea Uganda, na sasa kazi ilikuwa imeingia katika nyika ya Taru. Msomaji aliyewahi kupita Samburu, Taru na Mackinnon Road wakati wa kiangazi anaweza kukisia hali ilivyokuwa. Maji ya maelfu ya vibarua, wengi wao wakiwa wametoka Bara Hindi, yalibebwa kwa gari moshi. Miiba ilikuwa ukuta. Simba nao walikuwa wamejifunza kwamba kambi za reli zina watu na wanyama wa kubeba mizigo. Visa vya Tsavo vya mwaka 1898, ambavyo kila mtoto wa Kenya amevisikia, vilikuwa mwendelezo wa tatizo hilo. Bell hakuwa na fedha za kujigharimia msafara wa ndovu, akakubali kazi ya kuwapiga simba waliokuwa wakisumbua kazi ya reli.

Bunduki aliyokuja nayo ilikuwa nyepesi na nzuri kwa macho, yenye kupokea risasi moja tu kwa wakati. Katika baridi ya Uskoti haikuwa na dosari, ila katika joto letu ilimwaibisha. Ganda lilikwama ndani ya mtutu baada ya kila mlio, ikambidi alisukume nje kwa ufito kutoka mdomoni mwa bunduki huku simba hajulikani yuko wapi. Bunduki ya kisasa ikawa imegeuka gobori. Naam, somo la kwanza la maisha yake alilipata katika nyika hii: bunduki si kitu bila ya risasi inayoaminika, na risasi inayoaminika mahali pamoja yaweza kuwa hatari mahali pengine.

Hakukaa sana. Alikwenda Kanada wakati wa mbio za dhahabu za Klondike, akawa anawinda nyama za kuuzia wachimbaji, hadi mshirika wake akatoweka na mapato yote, naye akalazimika kuiuza bunduki yake. Ilipozuka vita ya Makaburu mwaka 1899 alijiunga na jeshi la Kanada lililokwenda Afrika Kusini, akatekwa, akatoroka. Vita ilipokwisha mwaka 1902 alirudi Afrika Mashariki, na safari hii alikuja kwa ndovu.

Kituo chake cha kuanzia kilikuwa Mumias, makao ya Nabongo Mumia wa Wanga, ambako misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa ikikusanyika kwa biashara ya pembe. Hapo Bell alisikia habari za Karamoja, nchi kavu iliyo kaskazini, ambako ndovu dume wenye pembe nzito walikuwa bado wengi na serikali ilikuwa haijafika kuhesabu. Wenyeji wa huko, Wakaramojong, walikuwa na sababu nzuri za kutowaamini wageni, kwa maana baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wamezoea kuwashambulia na kuwanyang'anya mifugo. Bell aliamua kulipa. Aliyemletea habari za ndovu zilizozaa matunda alipewa ng'ombe, na katika jamii inayoishi kwa ng'ombe ahadi hiyo ilienea upesi. Miongoni mwa waliokuja alikuwamo Pyjale, Mkaramojong aliyekuwa hodari wa kufuata nyayo, naye akawa rafiki na mwalimu wake. Kwa miaka mitano hivi, toka 1902 hadi 1907, Bell alizunguka nchi hiyo na pande za jirani, na hapo ndipo alipolipata jina lake la utani.

Sasa na tulijibu swali la kwanza. Wawindaji wakubwa wa enzi hizo waliamini kuwa mnyama mkubwa hutaka bunduki kubwa. Mojawapo ya bunduki zao mashuhuri ilirusha kichwa cha punje 750, karibu gramu 49, kwa mwendo wa mita 625 hivi kwa sekunde, nayo yenyewe ilikuwa na uzito wa kilo sita hivi. Bell alianza kwa kujaribu bunduki nzito pamoja na nyepesi, kisha akaziacha zile nzito. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa Mauser ya milimita 7, iliyouzwa na duka la Rigby la London kwa jina la Kiingereza la .275. Kichwa chake kilikuwa cha punje 173, yaani gramu 11, na mwendo wake ulikuwa kama mita 700 kwa sekunde. Mwalimu wa fizikia ataona mara moja kwamba nguvu yake ni jouli 2,700 hivi, wakati ile ya bunduki kubwa ni jouli 9,500. Nguvu haikufika hata thuluthi. Aliyefanya hesabu ubaoni kwa kutazama nguvu peke yake hakukosea hesabu. Alikosa jambo lililo nje ya hesabu.

Jambo hilo ni kwamba ndovu haanguki kwa nguvu ya risasi, huanguka kwa mahali risasi ilipofika. Ubongo wake una kilo nne hadi tano tu, nao umefichwa nyuma na chini katika fuvu kubwa ambalo sehemu yake kubwa ni mfupa wenye vishimo vya hewa kama sega la nyuki. Mpigaji anayelenga katikati ya paji la uso bila kujua hilo hupasua mifupa mitupu, awe na bunduki kubwa kiasi gani. Bell alikata mafuvu kwa msumeno kutoka juu hadi chini, akachora alichokiona, akajifunza ubongo unakaa wapi mnyama akitazamwa kutoka mbele, ubavuni, na hata kutoka nyuma kwa mshazari. Mlengo huo wa mwisho, uliokuwa haujulikani sana kabla yake, huitwa kwa jina lake hadi leo.

Kisha akachagua kichwa kinachofaa elimu hiyo. Wengi waliomsifu baadaye walikosea hapa, maana walidhani siri ilikuwa wepesi peke yake. Vichwa vyepesi vilivyotengenezwa ili vipasuke vikiingia mwilini havikumfaa kwa ndovu, kwa sababu vilivunjika kabla ya kufika. Alichokitaka kilikuwa kichwa kirefu, chenye urefu wa sentimita tatu hivi, cha ncha butu, kilichovikwa chuma kizima na kurushwa kwa mwendo wa wastani. Kichwa cha namna hiyo hakipasuki wala hakipindi njia. Hutoboa mfupa kama msumari. Wahenga walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende, na mwiba haupenyi kwa uzito wake.

Aidha, bunduki nyepesi ilimpa faida mbili nyingine. Haikumpiga bega, hivyo mkono wake haukujifunza uoga, na mlio wake mdogo haukuwatawanya ndovu wengine kama mlio wa bunduki kubwa. Alifanya mazoezi ya kulenga kila siku kwa bunduki isiyo na kitu ndani, njiani akitembea, mpaka bunduki ikawa kama kidole cha kunyoshea. Inasimuliwa kuwa wakati mmoja, akiwa na shehena ya risasi za bunduki nyingine asizoziamini tena kwa kuwindia ndovu, alizimaliza kwa kuwapiga mnandi warukao angani kando ya Ziwa Viktoria, na waliomtazama walidhani anatumia bunduki ya marisau. Bunduki nyingine nyembamba zaidi, ya milimita 6.5, aliipenda pia, ila aliiweka kando kwa sababu fataki za risasi zake zilichelewa kuwaka. Kila alipoacha bunduki, aghalabu kosa lilikuwa la risasi. Somo la Taru hakulisahau.

Baada ya Karamoja alikwenda Abisinia, kisha Lado, kile kipande cha ardhi kando ya Mto Nile kilichokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Leopold alipofariki Desemba 1909 na ikajulikana kwamba Lado itahamishiwa Sudan, wawindaji wengi wa Kizungu waliingia humo bila kibali, wakaua ndovu kadiri walivyoweza kabla serikali mpya haijafika. Bell alikuwa na kibali. Siku moja huko aliwaua ndovu tisa. Baadaye aliwinda Afrika Magharibi, na huko ilitokea akaua nyati kwa bunduki yenye kichwa cha punje 70 tu, ambacho hakifiki gramu tano.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipozuka alijifunza kuendesha ndege, akatumwa Tanganyika, ambako inasemekana alipendelea kuruka peke yake bila msaidizi, na bunduki yake ya uwindaji akiwa nayo. Alipata nishani. Mwaka 1919 alimwoa Katie Soares, wakahamia Corriemoillie, kaskazini mwa Uskoti. Kitabu chake cha kwanza cha uwindaji kilitoka mwaka 1923, cha pili mwaka 1949, na cha tatu mwaka 1960, yeye akiwa amekwisha kufariki. Katika uzee wake alijenga jahazi la mashindano akalipenda kama alivyopenda bunduki zake. Alifariki mnamo Juni 1954.

Hesabu aliyoiacha ni ndovu 1,011, na kati yao majike 28 tu. Sehemu kubwa ya hao aliwaua kwa ile milimita 7. Alikadiria kuwa kwa kila dume mmoja alitembea wastani wa maili 73, yaani kilomita 117, na kwamba kwa mwaka alichakaza jozi 24 za viatu. Takwimu hizi husomwa kwa mshangao, na kweli zashangaza. Mimi lakini huzisoma nikiwaza pia juu ya viatu visivyohesabiwa. Pembe hazikutembea zenyewe. Zilibebwa mabegani mwa Wanyamwezi, Waswahili na wengineo, kutoka Karamoja hadi Mumias, na wengi wa wabebaji hao wametoweka hata majina.

Hapa ndipo swali la pili la kijana wa Taru linaposimama mbele yetu, nalo ni zito kuliko la kwanza.

Waata, ambao majirani wamewaita pia Waliangulu, waliwinda ndovu katika nyika hii tangu kabla ya reli na kabla ya bunduki. Silaha yao ilikuwa upinde mrefu, mgumu kuuvuta hata kwa mtu mwenye misuli, na mshale uliopakwa sumu iliyochemshwa kutokana na mti wa msunguti. Sumu ilifungwa kwa ngozi laini ili jua lisiidhoofishe, ikafunuliwa wakati wa kupiga tu. Mwaata naye aliujua mwili wa ndovu: hakulenga fuvu, alilenga tumbo, mahali ambapo sumu ingeingia upesi damuni. Alinyemelea karibu sana, hatua chache tu. Kipimo cha sumu, ubichi wake, uzito wa mshale, ukali wa chembe, vyote vilikuwa elimu iliyorithishwa baba kwa mwana. Kwa hiyo fikira ya Bell kwamba maarifa hushinda uzito haikuwa ngeni hapa. Ilikuwa imeishi Taru kwa vizazi vingi kabla ya Mskoti huyo kuzaliwa.

Mbuga ya Tsavo ilipotangazwa mwaka 1948, ardhi ya uwindaji ya Waata ikawa ya serikali, na katika kampeni kali ya miaka ya 1956 na 1957 wawindaji wao walisakwa, wakakamatwa na kufungwa. Ni kweli kwamba wakati huo walikuwa wanaua ndovu wengi, kwa sababu wanunuzi wa pembe wa pwani walikuwa wamekwisha kuugeuza uwindaji wao wa kula kuwa uwindaji wa kuuza. Lakini hata Bell aliuza pembe. Aliishi kwa kuziuza. Tofauti haikuwa katika tendo. Ilikuwa katika karatasi ya kibali, na katika nani alikuwa na uwezo wa kuiandika karatasi hiyo.

Lugha nayo ilishiriki. Mtu mmoja tulimwita mwindaji, na mwingine tukamwita jangili, neno linalofanana na lile la Kihindi lenye maana ya kitu cha mwituni. Wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara isimu ina faida gani. Huwajibu kwamba faida yake mojawapo ni kutufanya tusimame mbele ya maneno mawili yanayotaja tendo moja, tuulize ni nani aliyeyagawa.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba jangili wa leo asamehewe kwa sababu Bell hakushtakiwa. Mwaka 1973 Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu 167,000. Kufikia 1989 walibaki kama 16,000. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1977, uwindaji ulipigwa marufuku nchini, na mwaka 1989 Rais Moi alizichoma moto tani 12 za pembe mjini Nairobi. Waliofanya maangamizi hayo hawakuhitaji kujua ubongo wa ndovu uko wapi. Walikuwa na silaha za kumimina risasi. Hata hivyo, tusijidanganye kwamba ujuzi wa Bell ulikuwa na huruma kwa kuwa ulikuwa safi. Ndovu aliyekufa papo hapo hakuteseka, na hilo ni jambo la kumshukuru mpigaji. Lakini ndovu 1,011 waliokufa vizuri bado ni ndovu 1,011 waliokufa, na madume wenye pembe kubwa ndio waliotoweka kwanza. Akili nyingi huondoa maarifa, walisema wazee. Bell alijua kiasi cha baruti, kiasi cha chuma na kiasi cha pumzi. Kiasi cha kutosha hakukijua.

Tena wapo waliomwiga wakaangamia. Walichukua bunduki nyembamba bila elimu ya mafuvu yaliyokatwa, wakajeruhi wanyama, wakauawa nao. Nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji, Tanzania ikiwamo, ziliweka kima cha chini cha unene wa risasi kwa wanyama wa hatari. Sheria hutungwa kwa ajili ya watu wa kawaida, wala si kwa ajili ya mabingwa.

Basi kwa yule kijana jibu langu ni hili. Babu ya babako na mtu wa pichani walikuwa wanafunzi wa elimu moja, na kila mmoja aliilipia kwa namna tofauti. Mwalimu atakayefundisha habari za Bell bila kumtaja Pyjale aliyemwonyesha nyayo, bila wabebaji, na bila Waata wa Taru, atakuwa amefundisha robo ya somo. Na mwalimu atakayewataja Waata kama wahalifu tu atakuwa amefundisha kinyume cha somo.

Limebaki jambo ambalo vijana wale hawakuuliza, ila lilikuwa limelala mbele yetu uani. Usiku wa kuamkia siku niliyofika, ndovu walikuwa wameingia kijijini. Walivunja tangi la maji la mama mkubwa wakala mahindi yaliyokuwa yakikaribia kuvunwa. Alinionyesha nyayo kwa kidole, akawataja kwa jina la kwetu, ndzovu, kwa sauti isiyo na chuki wala mapenzi. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu ndovu 36,280 nchini, na kundi kubwa kuliko yote limo Tsavo, jirani yetu. Sisi tulio mjini tulifurahia hesabu hiyo. Yeye ndiye anayelala nayo.

Nilimweleza mwalimu wa fizikia habari za Sagalla, karibu na Voi, ambako mtafiti Lucy King na wakulima wa huko wamezungushia mashamba uzio wa mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwa waya. Ndovu akiugusa waya, mizinga hutikisika, nyuki wakatoka, naye hugeuka akakimbia, kwa kuwa ngozi yake nene ina sehemu laini machoni na ndani ya mkonga. Si dawa ya kila mahali. Kiangazi kikiwa kirefu nyuki huhama, na mizinga mitupu haimtishi mnyama. Lakini mvua zikinyesha, shamba husalimika na asali huuzwa.

Mwalimu aliuliza nyuki mmoja ana uzito gani. Nikamwambia hafiki hata gramu moja. Alitoa kalamu akaandika nambari hiyo chini ya gramu 11 za Bell, na nilipoondoka Taru asubuhi yake aliniambia kwamba shule zikifunguliwa ataanza somo hapo.